Ndiga za Flavia

Flavia alikuwa ameinama kijitoni akigeuza vipande vya ndiga ndani ya kapu, maji meupe yakimtoka vidoleni, Tobias, katibu wa kijiji, alipomsimamia kichwani.

"Toa uchafu huo, mama. Mgeni wa mkoa atapita hapa."

"Ndugu Katibu, bado siku mbili. Nikizitoa sasa, sumu haijaisha."

Ndiga ni kiazi cha porini chenye majani matatumatatu na tabia mbovu. Ukikila kabla maji hayajakiosha vya kutosha, ulimi unakufa ganzi, kisha unafuata wewe mwenyewe. Kule kwao, kabla lori la Operesheni Vijiji halijawazoa na kuwamwaga hapa, walikila mwaka mbaya tu. Hapa kijiji kipya, tangu mahindi ya ghalani yaishe, hakikuwapo kingine. Watoto wa Flavia walikuwa wamelala ndani, hata kulia hawawezi.

"Kapu hili litasema tuna njaa," Tobias alisema.

"Kwani hatuna?"

"Nimeshaandika mkoani kwamba hatuna."

Akalinyanyua, akalitupa ukingoni, akajifuta mikono kwa leso. Vipande vilitapakaa topeni na siafu wakavivamia. Flavia aliviokota kimoja kimoja. Kuanza kuviloweka upya kulitaka muda, na watoto wake muda huo hawakuwa nao.

Mchana mgeni alikula wali na kuku waliokusanywa na mgambo kwa fimbo. Mafuta yalimchuruzika hadi kwenye kola, na Tobias akawa anamchagulia mapaja. Wanakijiji, waliosahau hata ladha ya chumvi, walipangwa juani wanuse na kupiga makofi. Ilitia kinyaa.

"Chakula kinatosha hapa?" mgeni aliuliza, akichokonoa meno.

"Mpaka kinabaki, mheshimiwa!" Tobias akadakia.

Flavia akatoka mstarini, akaliweka kapu lenye tope mezani, katikati ya mifupa.

"Shikamoo, mzee. Kilichobaki ndicho hiki. Karibu, ila usile. Leo bado kinaua."

Mgambo wakamdaka, wakamburuta. Hakushindana nao. Mgeni alilitazama kapu, akamtazama Tobias, kisha akaomba maji ya kunawa. Aliponawa alisimama, akakitangaza kijiji kile kuwa mfano wa kuigwa mkoa mzima, na watu wakapiga makofi.