Mlango wa Chumba cha Vifaranga

"Tap," ikasema hita ya gesi, na kigae chake kilichokuwa chekundu kikaanza kugeuka kijivu.

"Tena? Tena, wewe dude?"

Mama Kuku, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa utani, alipiga magoti kwenye maranda. Vifaranga walikuwa wamerundikana chini ya hita, wakilia kwa sauti nyembamba zilizomwingia hadi kwenye meno. Alibonyeza kitufe, akawasha kiberiti, akaendelea kubonyeza mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Moto mdogo ukashika, gesi ikaja, kigae kikaiva. Akaachia kitufe polepole, kama mtu anayenyata kutoka chumbani mwa mtoto aliyelala. Akatoka, akafunga mlango, akalisukumia blanketi kuukuu chini yake. Hajamaliza hata kunawa mikono, akaisikia. Tap.

Tangu asubuhi alikuwa ameshajaribu kila kitu. Alibadilisha mtungi. Alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kutafuta panapovuja, hapakuvuja. Alisugua kwa msasa kile kijiti cha shaba kinachoota moto mdogo, ambacho kazi yake ni kukata gesi moto ukifa. Muuzaji alimjibu kwa simu, "Upepo huo, mama. Ziba upepo." Basi akaziba. Aliziba madirisha kwa nailoni, nyufa kwa matambara, na kila hita ilipozimika akatafuta tundu jingine la kuziba. Cha kuudhi, kadiri alivyoziba ndivyo ilivyozimika upesi zaidi, na kichwa chake kikazidi kugonga.

Hawa walikuwa kundi la pili. La kwanza lilikufa lote msimu wa mvua uliopita, wakati alipokuwa akiwapasha joto kwa jiko la mkaa. Alfajiri alikuta mlango u wazi na mumewe amesimama katikati ya chumba, vifaranga wamelala miguu juu.

"Nimewakuta hivi," mumewe alisema. "Nimefungua tu ili..."

Hakumwacha amalize. Umeniulia vifaranga kwa baridi, alimwambia, na akawaambia majirani, mashemeji na yeyote aliyekuwa na masikio. Mumewe alikuwa seremala, mtengeneza milango, kwa hiyo utani ulijileta wenyewe. Wakamwita Bwana Mlango. Hakujitetea. Alianza tu kuwa na kawaida ya kugeuka nyuma kila alipopita mlangoni, kuhakikisha amefunga.

Na hawa wakifa, Mama Kuku alikuwa ameshaapa, hafugi tena. Chumba kirudi kuwa stoo ya mbao.

Akarudi ndani, akaiwasha, na safari hii akajifungia nayo, amekodoa macho. Ikamzimikia usoni. Hapo hasira zikampanda. Aliipiga ndoo teke, maji yakamwagika, vifaranga wakatawanyika. Akaiwasha tena, akatoka mbio bila kutazama nyuma, hadi karakana ya mumewe uani.

"Njoo uitazame hita yako!"

"Yangu?" Seremala alikuwa amebana ubao kwa goti, vidole vimejaa gundi. "Si uliichagua mwenyewe?"

"Umekaa hapa unapiga randa, mimi nakufa na vifaranga!"

"Uliniambia nisiingie humo. Nifanye lipi sasa, mke wangu?"

Walibishana hivyo, kila mmoja akiokota maneno ya zamani, hadi Mama Kuku akashtuka kwamba kichwa hakimgongi tena. Kisha akashtuka zaidi. Mlango! Ameuacha wazi, na mvua hii na baridi hii. Akakimbia.

Hita ilikuwa inawaka. Nyekundu, imetulia, kana kwamba haijawahi kumtesa mtu. Vifaranga walikuwa wametawanyika chini yake, wakidonoa. Aliufunga mlango, akachuchumaa, akangoja. Baada ya muda moto mdogo ukapauka, ukainuka, ukakiacha kile kijiti cha shaba. Tap. Akaufungua mlango, akapeperusha khanga kuingiza hewa, akawasha upya. Akangoja hadi magoti yakamuuma. Haikuzimika.

Ilikuwa imekosa hewa, basi. Mchana kutwa alikuwa anaikaba koo.

Alianza kucheka. Kisha akaliona blanketi. Ni lile lile. Ndilo alilolisukumia chini ya mlango usiku ule, jiko la mkaa likiwa ndani, madirisha yote yamezibwa kwa mikono yake mwenyewe. Nimefungua tu ili... Sasa angeweza kuimalizia ile sentensi ya mumewe, ili hewa iingie, na aibu ikamchoma usoni kuliko hita.

Nyayo zikasikika uani. Seremala aliingia akijifuta gundi kwenye suruali, na kabla ya kusema lolote akageuka, kama kawaida yake, akaurudisha mlango kwa uangalifu. Akainama kuokota blanketi.

"Uache," mkewe akasema.

"Niache nini?"

"Mlango. Uache wazi."

Seremala alimtazama kama mtu anayetegewa mtego. "Baridi itawaua. Halafu useme ni mimi."

Kifaranga kimoja kilipita katikati yao, kikapanda juu ya kiatu cha seremala, kikatulia hapo. Seremala hakusogea, blanketi mkononi, mkono mwingine juu ya komeo.

"Baba," mkewe akaanza, "asubuhi ile, ulikuwa unasema nini?"