Kaunta Nyeupe ya Bi Povu

Mimi ndiye niliyechagua jeupe. Muuza mawe alituonyesha mabamba matatu ya kwatzi, mawe ya kaunta ya jikoni, yaliyoegemezwa ukutani: la kijivu, jeusi lenye madoadoa, na jeupe pe lisilo na hata mshipa mmoja. Akamwambia mume wangu kwamba jeusi linaficha mambo mengi, ila jeupe linataka mtu mwangalifu. Mume wangu akanigeukia. Nikasema kaunta yetu iwe nyeupe, nikatabasamu kama mtu aliyependa rangi.

Rangi haikunihusu. Nilichotaka ni mama mkwe wangu aondoke.

Alikuwa amekaa kwetu miaka sita. Kabla ya hapo alikuwa mfagizi wa wodi kwa miaka thelathini, na kwake kitu hakijawa safi mpaka kinuke klorini na kisuguliwe kwa waya wa masufuria. Moyoni nilimwita Bi Povu. Alfajiri yeye ndiye wa kwanza jikoni. Chumvi nikiiweka kulia, naikuta kushoto. Hakuwahi kunitukana, na afadhali angenitukana, ningemjibu yakaisha. Yeye alikuwa anarudia kuosha vyombo nilivyokwisha kuosha, taratibu, huku akiimba kwa sauti ya puani.

Jambo jingine, hakujua kusoma, wala hakutupa karatasi yenye maandishi. Iwe ya dawa, ya dukani, au kipande cha gazeti kilichofungiwa vitunguu, aliinyoosha kwa kiganja akaiweka kwenye kopo la biskuti mpaka mwanawe apate nafasi ya kumsomea. "Huwezi kujua wamesema nini," alikuwa akisema. Zamani mume wangu alimsomea kila Jumapili. Siku hizi alikuwa akimwambia, "Kesho."

Siku jiko la zamani lilipobomolewa, mume wangu alisema mezani, nusu utani, "Hii ndiyo mara yangu ya mwisho kutengeneza jiko. Atakayeliharibu jiwe langu atakuwa ameniaga."

Mama alicheka. Mimi niliyaweka maneno yale akibani. Nilijua Mama angepelekwa wapi, maana hapakuwa na pengine: kwa mdogo wake, ghorofa ya nne, chumba kimoja, watu watano. Na magoti ya Mama hayapandi hata ngazi tatu za mlangoni kwetu bila kupumzika.

Fundi alimaliza kazi siku ambayo mume wangu alikuwa kazini na Mama amekwenda kliniki, kwa hiyo masharti nilipewa peke yangu.

"Dada, sufuria ya moto usiiweke juu ya jiwe, tanguliza kibao. Chai au manjano ikimwagika, futa saa ileile. La tatu ndilo kubwa: klorini marufuku, waya marufuku. Jiwe hili limeshikanishwa kwa gundi kiwandani. Klorini inaila gundi, waya unakwaruza, na likishafifia halirudi. Sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, kitambaa laini, basi."

Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi. Akaigandisha ndani ya mlango wa kabati la chini ya sinki, akaigonga kwa kidole. "Hii isitoke hapa."

Alipofunga geti niliing'oa. Ilitoka nzima, isipokuwa pembe moja iliyogoma. Nikaikunja nikaitupa kwenye ndoo ya taka.

Mama aliporudi nilimwonyesha jiwe, nikamwambia masharti mawili, la moto na la madoa. La tatu nikalimeza. Alinisikiliza kwa makini kabisa, akapitisha kiganja kutoka ncha moja ya kaunta mpaka nyingine.

"Zuri hili, mwanangu. Hili nitalitunza mwenyewe, wewe usijisumbue."

"Sawa, Mama. Nani atalitunza kama wewe?" Nikamvisha kilemba cha ukoka mchana kweupe.

Akalitunza. Kila alfajiri nilimsikia nikiwa kitandani: ndoo, maji, kisha waya, krr, krr, krr. Harufu ya klorini iliingia mpaka chumbani. Mume wangu alivuta shuka usoni akasema, "Mama naye," akalala tena. Mimi nikajitia hamnazo. Dawa ilipomwishia nilimletea chupa kubwa zaidi, akanishukuru. Sitajificha hapa: nilifurahi. Nilikuwa nikisimama jikoni na kikombe changu cha chai nikipima kwa jicho jinsi mng'ao unavyokufa, kwanza karibu na sinki, halafu ukifuata urefu wa mkono wake.

Baada ya miezi mitatu mume wangu akaona. Alikuwa anatafuta ufunguo, mwanga wa dirishani ukaangukia kaunta, akainama. Pembeni ya sinki palikuwa na baka kubwa kama sinia, limepauka, na ukipitisha mkono linakwaruza.

"Nani kafanya hivi?"

Mama akaja akifuta mikono. "Hapo pananisumbua na mimi. Kila nikisugua panazidi kufifia. Jana nimeongeza dawa."

Sikuhitaji kusema neno. Mume wangu alitoka nje akampigia simu mama yake mdogo, na keshokutwa yake begi la Mama likawa mlangoni. Asubuhi hiyohiyo fundi alikuja kuangalia kama baka linatengenezeka.

Alilipapasa, akanusa kidole. "Klorini na waya. Hapa hakuna dawa, ni kubadilisha kipande kizima." Akanitazama. "Dada, si nilikwambia? Karatasi yangu iko wapi?" Akafungua kabati. Ile pembe iliyogoma ilikuwa bado imeng'ang'ania mlangoni.

Mdomo wangu ulikuwa mwepesi. "Atakuwa Mama ameing'oa alipokuwa anasafisha."

Mama hakukasirika. Alishangaa tu. "Mimi? Mimi sigusi maandishi."

Akafungua begi lake, akatoa kopo la biskuti. Karatasi ilikuwa karibu na juu, imenyooshwa vizuri, haina pembe moja. Akampa mwanawe. "Niliiokota kwenye ndoo ya taka siku ileile fundi alipomaliza kazi. Nikakuletea unisomee, ukasema kesho."

Mume wangu akaisoma akiwa amesimama. Nilimwona alipofika sharti la tatu, kwa sababu midomo yake iliacha kucheza. Akaangalia pembe pale kabatini, akaniangalia mimi. Fundi akainama kukusanya vifaa ambavyo alikuwa ameshavikusanya. Nilingoja mume wangu aseme kwamba mimi ni nyoka, na angekuwa amesema kweli.

"Inasemaje?" Mama akauliza.

Mume wangu akaikunja, akaitia mfukoni. "Ni namba ya simu ya fundi tu, Mama. Twende, gari linangoja."

"Aa. Namba ya simu." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kopo akaliacha juu ya kaunta. "Hizi zilizobaki utanisomea ukija kuniona." Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Na hapo pa sinki uendelee kupasugua, mwanangu. Usipaache."

Nilimtazama dirishani akishuka zile ngazi tatu, akipumzika kila moja. Mume wangu alikuwa mbele na begi, hakugeuka kumwangalia.

Alirudi kabla ya saa sita, akaketi, akaomba chai. Nilikuwa nimepanga uongo wa kila aina na haukuhitajika hata mmoja. Alilisogeza kopo pembeni kwa kiwiko, akapitisha kidole kwenye baka.

"Fundi anasema wiki mbili," akasema. "Safari hii chagua jeusi. Mama amechoka, na sisi tulishachoka. Angeondoka tu, leo au mwakani."

"Na karatasi zake? Kule nani atamsomea?"

"Nitakwenda," akasema, akapuliza chai. "Kesho."

Aliitamka vilevile alivyozoea kumwambia Mama. Jiko lilikuwa langu lote, kila kitu mahali nilipokiweka. Nikamwongezea chai. Nina miaka arobaini na miwili, na tangu mwaka jana goti langu la kushoto linauma nikipanda ngazi. Sijamwambia mume wangu, na sasa sitamwambia.