Damu ya Jannat

Bi Lela wa Majengo alikuwa fundi wa hijama, na si fundi wa kubahatisha. Wanawake walimjia kutoka Huruma mpaka Kware, akawaumika kwa vikombe na wembe mpya, akawatoa damu chafu, wakaondoka wamenyoosha migongo. Basi bintiye Jannat alipoamka siku moja mguu wa kushoto umekufa ganzi, hospitali ya nini? Hospitali ilikuwa humo humo nyumbani.

Alimuumika vikombe saba, damu akaimwaga chooni. Wiki tatu baadaye ganzi ikaisha. Mwaka uliofuata jicho likaingia ukungu. Akamuumika tena, ukungu ukaondoka. Bi Lela akatamba mtaa mzima. Mara ya tatu ilikuwa miguu yote miwili, na baada ya siku kumi tu Jannat akasema amepona. Mama mtu akapika biriani, akawaita majirani, akakaa katikati yao na leso mpya akipokea sifa.

Mara ya nne Jannat alianguka akianika nguo, mguu wa kushoto ukakataa kabisa, na hakuweza kuinuka.

Hospitalini, Daktari Muoki hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba mwili wa Jannat unaishambulia mishipa yake yenyewe ya fahamu, ugonjwa unaoitwa MS, na kwamba mara nyingi huja ukaondoka wenyewe, hata asipoguswa mgonjwa. Bi Lela akatafuta kiti. Daktari akaendelea kueleza kipimo kipya: mishipa ikiumia, chembe za protini yake huvuja mpaka kwenye damu, na siku hizi zinaweza kupimwa. Kipimo hicho peke yake hakiutaji ugonjwa, lazima na picha ya ubongo, lakini huonyesha kwamba kuna madhara yanayoendelea. Chembe za Jannat zilikuwa nyingi mno. Dawa ingepunguza mashambulizi mapya. Mguu wa kushoto hakuahidi kuurudisha.

"Kwa hiyo dalili ilikuwamo ndani ya damu," Bi Lela akasema. "Tangu mwanzo."

"Huenda, mama. Kama angepimwa mapema, tungeanza dawa mapema."

 Miaka mitatu damu ile ilikuwa mikononi mwa Bi Lela, naye akiiita chafu.

Nje, kwenye benchi la kungojea dawa, alimwomba bintiye msamaha, kwa sauti ndogo ambayo Majengo haijawahi kuisikia kwake. Akajitetea kidogo pia, maana binadamu hakosi la kujishikia: angalau ile mara ya tatu alipona upesi.

Jannat aliitazama sakafu. "Sikupona, Mama. Nilikuwa bado sihisi nyayo. Nilikuona huli, hulali, nikasema nimepona ili ufurahi."

"Ungeniambia, mwanangu."

"Ningekuambia, ungeniumika tena."

Bi Lela alifungua kinywa akatae. Akakifunga, kwa sababu alijijua, na kweli angemuumika.