Goti la Kinyozi

Mume wangu, kinyozi, aliniambia tukiwa tunasukuma baiskeli kupanda mlima. "Tukirudi nitahama," alisema akihema. "Moyo haupo tena."

Tulikuwa wanne safarini: sisi wawili, dada yangu na mumewe. Kurudi nyuma haikuwezekana, maana mvua ilikuwa imebeba daraja tulilovuka jana yake. Mbele palikuwa na pori tupu mpaka mji wenye stendi ya basi.

Jioni nilimvuta dada pembeni, nikamweleza. "Leo nilale kwenye hema lako. Shemeji alale na kinyozi."

"Wee! Mkilala mbalimbali ndiyo mtaachana kweli," alijibu. "Laleni pamoja, mtapatana."

Nikakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, ili machozi yangu yapate sababu. Shemeji, asiyejua lolote, alimpakulia mume wangu wali. "Mwanyumba, kula! Kesho mlima mwingine."

Usiku nikalala nimempa mgongo, pua imegusa turubai lililolowa. Kila nilipojigeuza, nilikutana na goti lake.

"Umelala?" akauliza.

"Nimelala."

Tukaenda hivyo siku kadhaa, tukila sufuria moja, tukigombania nafasi ya kupumua. Hatukupatana.

Stendini alipandisha baiskeli yake juu ya basi bila kuniangalia.

"Mkimbilie!" dada akanisukuma, akilia.

Basi liliondoka. Kwa mara ya kwanza tangu ule mlima, nilisikia njaa. Nikamwomba shemeji aninunulie chapati mbili.