Bastola Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Mzee Haidar wa Jidda akishaamua jambo lake hageuki, hata umwite kwa kipaza sauti cha msikiti. Alipoacha duka lake la spea za magari, wenzake walinunua mbuzi wa kufuga, wengine wakakaa kulalamikia magoti. Yeye akaenda kwa mjane mmoja wa Kisyria aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe, akarudi na bastola ya Kijerumani ya vile vita vya zamani kabisa, vya Mjerumani na Mwingereza. Haipigi, mtutu umezibwa kwa chuma, na karatasi zake za ruhusa zimo ndani ya sanduku. Akaitua juu ya meza ya chakula, pembeni ya bakuli la achari.

"Huu ndio mwanzo," akamwambia mkewe. "Sasa nakusanya vitu vya askari wa Kijerumani. Bastola, mikanda, kofia, kila kitu."

Bi Wahida alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Baba Mazin, watu wa umri wako wanakusanya thawabu."

"Thawabu zina pahala pake. Hii naiombea pahala kwenye kabati lako la vikombe."

"Kabati langu? Hilo Mjerumani hatii mguu!"

Basi wakabishana, wakacheka, wakanywa chai. Lakini Haidar hakuwa anafanya mchezo. Babu yake, mtu wa Unguja, alivuka kwenda Bagamoyo kumtazama dada yake aliyejifungua, Wajerumani wakamkamata wakamtwisha masanduku ya askari wao, akaenda nayo porini mpaka vita vilipokwisha. Alirudi na kipara kidogo hapa utosini, pale sanduku lilipokaa. Haidar alipokuwa mdogo, kabla hawajahama Unguja kuja Jidda ule mwaka wa sitini na nne, alikuwa akipakatwa na babu yake na kukishika kile kipara, laini kama kigae cha chungu. "Babu, ndani mlikuwa na nini?" Na babu anajibu, "Sijui, mjukuu wangu. Anayefungua anachapwa." Mzee wa watu akafa hajui alibeba nini.

Sasa, huko Riyadh kulikuwa na kundi la wakusanyaji wa silaha za kale, mkubwa wao Abu Turki. Walikuwa wakikutana kwenye istiraha, zile nyumba za kukodi zenye ukuta mrefu na bustani. Mgeni anakuja na kitu kimoja. Kikipokelewa kinawekwa kwenye meza kubwa pamoja na vya wenzake, na mwenyewe anapewa kiti. Haidar alikitaka kile kiti kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi.

Siku ya kabla ya safari ya Riyadh, Mzee amejilaza baada ya adhuhuri, Bi Wahida akaitazama ile bastola, nyeusi, ina madoa. Kwao kitu hakitoki mbele za watu kichafu. Sinia za shaba na dele la kahawa kila Idi zinasuguliwa. Akachukua ndimu, akachukua jivu la chetezo, akakaa kitako akaisugua mpaka weusi wote ukatoka, chuma kikawa cheupe kama kijiko kipya. Mumewe alipoamka alishika mdomo.

"Mashallah! Kumbe ina uso!"

"Nilijua hutanishukuru mpaka uone," mkewe akasema, anajifuta mikono. Akaifungia kwenye kitambaa alichokitarizi mwenyewe.

Nani angewaambia kuwa kwa wakusanyaji ule weusi ndio mali yenyewe?

Mwanawe Mazin, anayefanya kazi ghala moja la Al-Sulay huko huko Riyadh, ndiye aliyekuja kumchukua kwa gari. Wakaingia istiraha, wakasalimiana, wakapewa kahawa. Haidar akafungua kitambaa. Taa ikapiga kile chuma, mtu mmoja akafunika macho kwa mkono, wote wakaangua kicheko.

"Ya Abu Mazin!" Abu Turki akasema. "Umeipeleka saluni?"

"Mke wangu kaisafisha. Ndimu na jivu."

"Umeichuna ngozi, bwana. Mafi faida, haina thamani tena. Halas, imekufa." Hakuwa mtu mbaya, akamsogelea akashusha sauti. "Irudishe garini. Nenda kaipake rangi, tutasema hatukuiona. Siku nyingine njoo na kitu kizuri."

Mazin masikio yamemwiva. "Baba, yalla, twende zetu."

"Kaa chini wewe." Haidar akatandika kitambaa cha Bi Wahida katikati ya meza, baina ya bastola zao nyeusi, akaiweka yake juu. "Babu yangu aliwabebea sanduku kichwani wenye hizi silaha, akapata kipara. Sanduku hakuruhusiwa kulifungua hata siku moja. Leo nimelifungua mimi. Imeingia nyumbani kwangu, imesuguliwa kama vyombo vya nyumbani kwangu. Mnataka niipake rangi ili ifanane na ya nani? Ya yule aliyekuwa akimchapa?"

Mtu akakohoa.

"Meza ina sharti zake," Abu Turki akasema taratibu. "Kiti sitaweza kukupa."

"Usinipe. Nitakunywa kahawa yangu nimesimama."

Akaimaliza kweli, wima, na kikombe cha pili akaomba. Ndipo akaifunga bastola yake kwenye kitambaa. Pale mlangoni kulikuwa na kikapu cha takataka zao, vitu walivyovikataa. Haidar akainama akatoa bizimu la mkanda wa askari, la shaba, limefukiwa na kutu ya kijani mpaka taji lililochongwa juu yake halionekani.

"Na hili?"

"Hilo bovu," Abu Turki akasema, sasa anatabasamu mwenyewe. "Chukua tu."

Gari likasimama kwenye taa za mtaa wa Batha. Mazin akanyoosha mkono. "Lete nilione, Baba." Akalisugua kwa kidole gumba, pakang'aa kidogo pembeni.

Haidar alikuwa kashapiga simu Jidda.

"Wamekupa kiti?" Bi Wahida akauliza.

"Hawakunipa. Toa vikombe kwenye kabati, mama Mazin, na ndimu ziweke tayari. Nakuja na kitu cha pili."