Maili ya Kwanza

...na mkanda huu wa kufungia mzigo mbona kama umelegea, au ni mkono wangu tu uliozeeka, naupiga kofi, unalia vizuri, marobota ishirini na manne ya mabua ya ngano juu ya trela, safu ya mwisho imelazwa kukingama ili ifunge zile za chini, kazi safi, kazi ya binti yangu Rowena, ambaye ananiuliza kutoka upande wa pili, "Baba, umeridhika au unasubiri mvua?", ulimi wa mama yake huo, nakagua tu, namjibu, wakati ninalotaka kumwambia ni moja, mabua hujishindilia njiani, mkanda uliokazwa shambani hulegea kabla hujaifikia barabara ya Driffield, kwa hiyo simama baada ya maili moja, teremka, kaza tena, hata kama unanyeshewa, hata kama magari yamepanga foleni nyuma yako yanapiga honi... mimi sikusimama, Agosti ile, enzi tulipofunga mzigo kwa kamba, wingu lilikuwa limekaa juu ya kijiji cha Sledmere nikaona nitawahi, mdogo wangu Clive ametangulia kufungua lango, nikakata kona, mzigo ukamwangukia, mguu wake haukupona, na nilipoulizwa nikasema kamba ilikatika, miaka thelathini na moja kamba inakatika, mezani, baa, hata mbele ya mama akiwa mgonjwa kitandani, siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe, Clive, inakoroga chai tu... "Baba." Rowena amezunguka, kiganja chake kiko juu ya mkanda karibu na changu, "nitasimama pale kanisani nikaze tena, baba mdogo alinifundisha," lini, nauliza, "zamani, nikiwa na miaka kumi na miwili, alinionyesha na kamba yenyewe, anayo bandani, nzima," nzima, anasema bila ukali, kama mtu anayesema chai imepoa, kumbe Jumapili zote hizo mezani wananipitishia viazi huku wanajua, naona aibu, aibu hadi masikioni, na chini ya aibu nafuu ambayo sikuitarajia, "haya niachie, tutanyeshewa," Rowena ananihimiza, na injini ya trekta inanguruma palepale, na mkanda umekaza, ulikuwa umekaza tangu mwanzo, mkono wangu bado uko juu yake lakini haukagui tena, na jioni nitapita kwa Clive, na sitaanza na habari za hali ya hewa, nitaanza na ile kamba.