Amri za Bibi Ersilia

Nani angeiambia nyumba kwamba Bibi Ersilia Bonfadini amekwisha kufariki? Viorica hakujua. Walimzika Jumanne, mjini Cremona, Italia, katika ukungu mzito uliowafanya wachukuzi wa jeneza waulizane njia; na Jumatano, saa moja asubuhi, sauti yake ikatoka jikoni kama kawaida.

"Iteleke kahawa. Niletee. Siyo katika kikombe hicho, kile kidogo. Na birika usilisugue kwa sabuni!"

Kosa la sabuni Viorica alilitenda mara moja tu, wiki aliyofika kutoka Moldova kumtunza Bibi, miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliiteleka kahawa, akaiweka kando ya kitanda kilichokwisha kutandikwa. Alipokirudia kikombe, alikikuta kitupu.

Alhamisi wakaja watoto wa marehemu, Fausto na Mirella, kugawana vyombo.

"Mama, umeshakufa," Fausto aliliambia jiko.

"Vua viatu," sauti ikajibu. "Viweke nje."

Akavivua. Mirella akapika kahawa. Sauti ikamwamuru aimwage. Akaimwaga, akapika nyingine, akaamriwa aimwage. Mara ya tatu akaketi.

"Vio, mpenzi, usituache jamani. Wewe si wa familia?"

Viorica alikuwa amelisoma tangazo la msiba lililobandikwa ukutani mwa kanisa: watoto, wajukuu, hata daktari, wote kwa majina yao; na mwishoni kabisa, shukrani kwa "mtunzaji". Hakulitaja. Alisema tu kwamba aliahidi kurejea kwao Moldova, Bibi akishafariki, na kwamba mama yake mzazi, kwa maneno ya dada yake kwenye simu, sasa huuliza huyo Viorica ni nani.

"Lakini mama hajafa kabisa," Fausto akasema. "Si unamsikia?"

"Namsikia, Bwana Fausto."

"Sasa je!"

Viorica akaingia katika kijichumba chake kando ya jiko, akaanza kukunja nguo. Sauti ikamfuata.

"Usiende. Kaa hapa."

Viorica akasimama, koti mkononi. Katika miaka yote hiyo Bibi Ersilia hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwagiza tu, kama mtu abonyezavyo swichi ya taa. Akangoja. Kengele za adhuhuri zikalia, zikanyamaza, naye bado anangoja.

"Nipashie maziwa," sauti ikasema.

Akayapasha. Mezani Fausto alikuwa akizungumza kwa simu na wakala wa watumishi wa majumbani.

"Yeyote yule," alisema, "ilimradi aelewe anachoagizwa. Jina lake? Aa, jina la nini?"

Viorica akakitua kikombe cha maziwa mbele ya Fausto na dada yake.

"Mpelekeeni nyinyi, kabla hayajapoa," akasema. "Mimi naondoka na basi la Jumapili."